Bwana Blanchard Anauliza Unaishi na Nani

Bunia, tarehe 4 mwezi wa tano 2010

Kwa tantine Agathe,

Jambo mingi kutoka Ngezi. Miguu yako iko namna gani? Ile dawa ya kupaka nilikutumia inakusaidia, ao uligawia majirani yote? Mie niko muzima. Nakula, nalala vizuri, ila jogoo ya mama mwenye nyumba njo inaniamusha mapema sana, na siku moja nitaila.

Tantine, niko na habari. Wameniita! Ile ONG, shirika inagawiaka wakulima mbegu, ile nilipeleka dosye yangu ya kuomba kazi, wamebandika majina ku mulango ya biro na jina yangu iko. Kazi ni ya kulinda depo ya mbegu: kupokea mifuko, kuandika ile inaingia na ile inatoka, kupigana na panya na mvua. Kazi iko moja, na wametuita watu tatu: mie, kijana moja Guelord, na musichana moja Tina, ametoka mbali upande wa Mahagi. Maulizo ya kazi itakuwa tarehe 12.

Hali yangu unaijua. Kama nakosa hii, mwezi wa saba narudi Gety kulima na weye, na diploma yangu inakaa mu sanduku chini ya kitanda. Si kusema nachukia jembe, usianze kunigombeza. Lakini nilisoma, na nataka kutumika kazi.

Kitu kinanisumbua ni kimoja. Wataniuliza natoka wapi. Siku hizi mu Bunia bunduki zimenyamaza, lakini masikio haijanyamaza. Mutu anasikia tu jina ya kijiji yako, palepale anajua kabila yako, anakuweka upande. Anakuchekea muzuri, kisha dosye yako inapotea. Nijibu nini?

Jibu mbio. Katsuva anarudi na kamyo yake ya maharagi wiki hii, mupe barua mu mukono yake mwenyewe. Simu yako sitajaribu, najua mpaka upande ku kilima njo upate rezo, na miguu haitakubali.

Mutoto yako,
Ketsia

*

Gety, tarehe 9 mwezi wa tano 2010

Kwa mutoto yangu Ketsia,

Salamu mu jina ya Bwana. Barua yako nimeipata, Katsuva aliileta na harufu ya mazuti ya kamyo. Miguu inauma lakini inatembea. Dawa nilipaka mie mwenyewe, Vahwere jirani yangu akapaka kidogo, na mama yake akapaka kidogo. Mambo ya kugawia uliyatoa wapi?

Wamekuita! Nilipiga kelele mpaka mbuzi ya watu ikakimbia.

Sasa sikiliza mayele, akili ya tantine yako. Wakikuuliza unatoka wapi, sema umekomalia Bunia, umekulia pale. Wakikuuliza baba, sema baba alikufa, na hiyo haiko uongo, Mungu amupumzishe kaka yangu. Wakikuuliza unaishi na nani, sema unaishi peke yako. Wakikuuliza jamaa, sema hauna mutu hata moja mu Bunia. Na Josaphat usimutaje kabisa! Baba yako mudogo anajulikana pale Bunia, mutaa wa Shari nzima, na ng'ombe zake na mudomo yake. Ukisema jina yake tu, wanajua siye ni wa wapi mpaka ku babu ya babu. Ukisema hauna mutu, watakushika wapi?

Hata kumutembelea, acha kwanza. Asije kukusalimia kwa sauti mbele ya biro ya watu, unamujua.

Na unaandikia mie yote. Walikuwa watu ngapi, walivaa nini, nani aliuliza, nani alinyamaza, pazia ilikuwa ya rangi gani. Usiniandikie "ilienda vizuri" na kumaliza. Nitakuja kukuchapa.

Tantine yako,
Agathe

*

Bunia, tarehe 14 mwezi wa tano 2010

Tantine yangu ya maulizo mingi,

Jambo. Natumaini uko muzima na mbuzi ya watu imerudi. Siye huku tuko, mvua inanyesha kila mangaribi na barabara yetu imekuwa matope mpaka ku magoti.

Pazia ilikuwa ya kijani. Umetulia?

Walikuwa watu tatu nyuma ya meza. Mama moja mwenye kikohozi, kijana moja wa kuandika, na katikati shefu ya mambo ya depo na magari, jina yake Bwana Blanchard. Ni mwanaume wa miaka arobaini na kitu, shati imepigwa pasi muzuri, marashi inafika mbele yake. Mama akaniuliza mbegu ya maharagi inalindwa namna gani wakati wa mvua. Hapo tantine nilisema! Nikawaambia mifuko haigusi chini, haigusi ukuta, inalala ku mbao, na ile iliyoingia kwanza inatoka kwanza. Yule mama akasahau hata kukohoa.

Kisha Bwana Blanchard akaanza. Kwanza, "Ketsia, unatoka wapi?" Nikasema nimekomalia Bunia. "Baba?" Alikufa. "Unaishi na nani?" Peke yangu, Ngezi. "Peke yako kabisa? Hakuna kaka, hakuna muyomba?" Sina mutu mu Bunia. Akaniangalia muda murefu. Kisha akauliza kama niko na muchumba. Nikasema hapana. Akauliza kama nafikiri kuzaa karibuni. Mama mwenye kikohozi akaangalia ku dirisha. Kijana wa kuandika akaacha kuandika.

Nilitoka pale nacheka mu roho. Alipiga kila upande, hakupata kitu. Lakini ile ya muchumba sikuielewa. Weye unaionaje?

Mutoto yako,
Ketsia

*

Gety, tarehe 18 mwezi wa tano 2010

Ketsia wangu,

Asante Mungu, asante na weye kichwa yako. Huku mihogo iko muzuri, na askari walipita juzi, wakapita tu, hawakuomba hata maji. Tuko wazima.

Ile ya muchumba haukuielewa? Ah, mutoto! Huyo mwanaume ni mujanja. Ameona kwa baba hakupata, kwa kaka hakupata, akatafuta kwa muchumba. Ungetaja muchumba, angeuliza muchumba ni wa wapi, na hapo amekushika, juu watu wanaoana na watu yao. Hata ya kuzaa ni vilevile. Mutoto anapewa jina, jina inasema kabila. Nimemusoma huyo mutu mpaka ndani!

Umejibu vizuri sana. Endelea vilevile. Wakikuita tena, hauna mutu.

Vahwere anasema yeye hajaona kabila ya watu inatafutwa mu tumbo ya musichana. Nimemwambia anyamaze, yeye hajafika Bunia tangu vita.

Tantine yako,
Agathe

*

Bunia, tarehe 22 mwezi wa tano 2010

Tantine,

Jambo. Afya iko? Kwangu iko, lakini usingizi imepungua, na safari hii si jogoo.

Bwana Blanchard aliniita tena tarehe 20. Kwa simu. Namba yangu iko mu dosye, lakini alipiga na namba yake mwenyewe, mangaribi, akasema nifike kesho biro ikifunga. Nikafika. Mama mwenye kikohozi hakuwa, kijana wa kuandika hakuwa. Akafunga mulango. Nikasema joto iko mingi, tuache wazi. Akasema kuko makelele inje. Inje hakukuwa hata mutu.

Akaniambia nimewashinda wengine. Nilitaka kuruka! Kisha akaleta kiti yake upande yangu ya meza. Hakuuliza mifuko, hakuuliza panya. Akauliza tena kama ni kweli naishi peke yangu. Akauliza nikichelewa kurudi, nani ananingoja. Nikajibu vile ulinifundisha: hakuna. Akasema musichana muzuri kama mie kukaa bila mutu ni hasara. Akasema nywele yangu imesukwa vizuri, na mukono yake ikagusa suko moja, hivi, sawa vile mutu anagusa kitambaa ku soko. Nikasogea. Akacheka akasema mie ni mutoto wa kijiji.

Na hapo nikafikiri: kijiji! Anajua! Anajua natoka Gety!

Sasa anasema kumebaki test moja ya mwisho. Itafanyika Jumamosi tarehe 29, saa kumi, si ku biro, ku guest house moja ku barabara kubwa, yeye anakaaka pale. Nije peke yangu, nisiambie mutu, hata wale wengine wawili, juu ni siri ya kazi.

Tantine, kuko kitu hainiingii mu kichwa. Kama anatafuta kabila, juu ya nini afunge mulango? Na test gani inafanyika ku guest house? Ni karatasi ao ni maneno? Nilimuuliza nilete kalamu. Akacheka sana. Nini ya kucheka mu kalamu?

Niambie nifanye nini. Nataka hii kazi mpaka inaniuma. Lakini tangu pale najinawa nywele na bado nasikia ule mukono.

Ketsia wako

*

Bunia, tarehe 27 mwezi wa tano 2010

Tantine Agathe,

Salamu. Katsuva amerudi na maharagi, barua yako hakuna. Nikamuuliza mara mbili, akaapa. Akasema ulisoma yangu pale pale umesimama, ukaingia mu nyumba, ukafunga. Uko mugonjwa? Umenikasirikia? Jumamosi ni kesho kutwa.

Basi nilijitafutia mwenyewe. Unanijua, kitu kikinikwama siwezi kulala.

Nilimukuta Guelord pale wanafanyaka fotokopi. Nikamununulia fanta, nikamuuliza walimuuliza nini. Akasema: mifuko, mbao, panya, mafuta ya gari. Na walimuuliza unatoka wapi? Walimuuliza, akajibu wazi, Gety! Tantine, huyo kijana ni wa kwetu, mama yake anauzisha mu soko ile ile yako! Nikamuuliza Bwana Blanchard alifanya nini. Akasema alisema tu "muzuri, kuko wakulima mingi kule, utatusaidia," akageuza ukurasa. Nikamuuliza na muchumba je? Akaniangalia sawa vile nimelewa. "Muchumba gani? Mie niko na muke na mutoto, hawakuuliza hata jina yao."

Nikatembea mpaka kwa Tina. Anapanga chumba nyuma ya kanisa moja. Nikamuuliza vilevile. Unaishi na nani: walimuuliza. Muchumba: walimuuliza. Kuzaa: walimuuliza. Ukichelewa nani anakungoja: akaanza kukunja nguo ambayo ilikuwa imekunjwa. Kisha akasema ako na kazi, nirudi siku ingine.

Unaona? Mwanaume anaulizwa panya, siye tunaulizwa nani anatungoja. Alikuwa hatafuti natoka wapi hata kidogo. Siye tuliziba dirisha, na yeye alikuwa anaangalia mulango.

Siendi Jumamosi. Nimeamua. Na nimelia, siwezi kukudanganya, juu kazi imekwenda, na nilijibu vizuri ile ya mifuko!

Ketsia

*

Bunia, tarehe 30 mwezi wa tano 2010

Tantine! Tantine wee!

Jambo, afya, miguu, yote. Ingine nitakuuliza kisha, acha kwanza niseme.

Jana saa nane niko nafua. Nasikia hodi. Baba mudogo Josaphat! Amevaa koti nyeusi ya Noeli, na kofia, na muke wake na kitenge mupya, na nyuma yao wazee wawili ya Shari ambao mie hata siwajui. Majirani yote inje. Akasema kwa ile sauti yake: "Tantine yako ameniandikia. Vaa. Tunaenda ku test."

Kumbe ulimuandikia yeye, ukaacha mie nakufa na mawazo! Nikamwambia baba mudogo, mie siendi, nimeamua. Akasema, "Mwanaume ameita binti ya watu mu nyumba ya kulala siku ya Jumamosi. Kwetu kitu hiyo iko na jina. Jamaa inakwenda kusikia maneno yake." Nikasema basi watajua natoka wapi. Akasema, "Wajue."

Tukaenda kwa miguu, watu tano mu mustari, sawa vile tunapeleka mahari. Tukafika guest house, tukakaa chini ya paa ya nyasi pale inje, baba mudogo akaagiza fanta ya kila mutu na kumwambia kijana wa pale aite Bwana Blanchard, binti amefika.

Akatoka. Na kandambili, tantine. Na shati wazi mpaka hapa, na taulo ku shingo. Alikuja anatabasamu, akaniona mie, kisha akaona koti, akaona kofia, akaona wazee.

Baba mudogo akasimama, akatoa kofia. Heshima yote. "Shefu, jambo. Siye ni jamaa ya Ketsia. Tumesikia kuko test. Fanya tu, siye hatutasema neno." Akakaa. Wote wakamuangalia.

Bwana Blanchard akafunga vifungo, akakosea kimoja. Akasema test ni ya siri. Baba mudogo akasema, "Siri na binti yetu? Ah! Basi umekuja kuoa. Sema wazi, usiogope. Lakini kwetu mwanaume njo anakuja ku nyumba ya musichana, si musichana kumufuata. Tumetembea sababu yako ni mugeni. Wazee yako iko wapi? Siye ng'ombe tunahesabu mapema." Muke wake akaitika, "Njo vile." Wale wazee wakaitika.

Na hapo, tantine, yule mutu akanigeukia na kusema kwa hasira: "Lakini ulisema hauna mutu!"

Hata kijana mwenye fanta akasimama na chupa mu mukono.

Baba mudogo akavaa kofia polepole. Akasema, "Njo ile ulikuwa unatafuta." Hakupiga kelele. Mie sijawahi kusikia baba mudogo anasema kitu bila kupiga kelele. Akalipa fanta, tukarudi. Njiani alinishika mukono mpaka Ngezi, mie mukubwa hivi, mbele ya watu, na sikuutoa.

Kazi imekufa, najua. Lakini leo nimelala mpaka jogoo ikachoka.

Mutoto yako,
Ketsia

*

Gety, tarehe 4 mwezi wa sita 2010

Ketsia mutoto yangu,

Salamu mingi. Nimesoma barua yako kwa sauti mara tatu: kwangu mwenyewe, kwa Vahwere, na kwa mama yake mwenye hasikii vizuri. Kwa kandambili tulicheka mpaka tukakaa chini. Kwa ile ingine sikucheka.

Siku nilipata habari ya mulango na nywele, nilielewa pale pale. Mutu anatafuta kabila ya mwenzake anauliza mbele ya watu, anataka wengine wasikie. Huyu alifunga. Niliogopa kukuandikia weye, juu ungeweza kupata barua ukiwa umeshaenda. Nikamupa Katsuva barua ya Josaphat, nikamwambia asikuambie kitu, nikafunga nyumba nikalia.

Mie njo nilikufundisha kusema hauna mutu. Nilikuvua watu yako yote kwa kalamu yangu mwenyewe, nikakutuma kwa huyo mutu. Vahwere alinambia, nikamunyamazisha. Nimemuomba musamaha, na sasa nakuomba na weye. Tulichapwa upande moja miaka mingi, tukasahau fimbo inaweza kutoka upande ingine.

Kama kazi imekwenda, rudi nyumbani. Shamba iko. Mie niko.

Tantine yako,
Agathe

*

Bunia, tarehe 14 mwezi wa sita 2010

Kwa tantine Agathe,

Jambo. Habari ya mihogo, habari ya Vahwere? Mie sijambo. Mambo ya musamaha acha, nani alinilea?

Nakuandikia juu ya Tina. Jana alifika kwangu, akasimama ku mulango, hakutaka kuingia. Nikamuvuta. Akakaa ku kitanda, akasema Bwana Blanchard amemuita Jumamosi hii, tarehe 19. Si guest house tena, ni nyumba ya rafiki yake. Test ya mwisho, peke yake, siri. Mie nikadhani ule mutu amepata haya! Kumbe ametafuta tu mwingine.

Nikamwambia mambo yote ya guest house na koti ya baba mudogo, kisha nikasema usiende, na wambie wazee yako. Akasema, "Ketsia, mie sikudanganya. Weye ulisema hauna mutu, na mie nilisema sina mutu, lakini mie ni kweli." Baba na mama walikufa, dada yake aliolewa ng'ambo ya ziwa. Mu Bunia nzima anajua pasta na mama wa kuuzisha makaa.

Kisha akauliza, bila kuniangalia: "Baba yako mudogo anaweza kuvaa ile koti na kuja na mie?"

Tantine, nitasema nini? Yeye ni wa mbali, si wa kwetu. Wazee ya Shari watatoka kwa binti ya watu wasiowajua? Na nitasema yote, juu ni weye: yeye anatafuta kazi ile ile yangu. Nilifikiri hiyo. Niliifikiri kidogo, lakini niliifikiri.

Ketsia

*

Gety, tarehe 16 mwezi wa sita 2010

Ketsia,

Katsuva anangoja na injini inawaka. Jambo.

Josaphat avae koti. Nimemuandikia kwa karatasi hii hii, mupelekee leo. Lakini musiende kwa huyo mutu tena, atajificha na mutapoteza fanta. Muende ku biro, Ijumaa asubuhi, watu yote wakiwako, muulize mukubwa wa pale ni nani na mukae mpaka awapokee. Weye useme yako, Tina aseme yake. Na yule mama mwenye kikohozi muulizeni aliangalia nini ku dirisha.

Wakimuuliza Tina ni wa nani, Josaphat ajibu ni wetu.

Agathe

*

Bunia, tarehe 12 mwezi wa saba 2010

Kwa tantine yangu Agathe,

Jambo mingi sana. Niko muzima, na najua unangojea, na najua umemusumbua Katsuva kila safari. Nilitaka mambo imalizike kwanza.

Ijumaa ile tulikwenda ku biro na baba mudogo: mukubwa wa pale ni mwanamuke, Madame Denise. Alituacha tunangoja mpaka saa sita. Baba mudogo hakusogea, na walipouliza Tina ni wa nani, akajibu kwa ile sauti yake ni wetu. Kisha akatupokea, mie kwanza, Tina nyuma, na mulango alituuliza kama tunataka wazi ao imefungwa. Tulisema wazi. Tina alisema yote. Madame akamuita mama mwenye kikohozi. Yule mama akalia, akasema siku ile aliona, na mwaka uliopita aliona pia, na aliogopa kazi yake. Nilitaka kumuchukia, na sikuweza vizuri.

Bwana Blanchard hatumiki kazi tena pale. Na waliandika ku mulango kama test itaanza upya, watu watatu wale wale, maulizo ile ile kwa kila mutu, na karatasi haina jina, iko na namba tu.

Matokeo imetoka leo. Tina ni wa kwanza. Mie wa pili, nimekosa kidogo tu. Guelord wa tatu.

Aliandika vizuri kunishinda, tantine. Nilisoma karatasi yake, Madame alituruhusu. Juu ya panya alijua vitu ambavyo mie sikujua.

Alinikumbatia pale ku mulango, akaniambia angejua angekosea kwa makusudi. Nikamwambia asinitukane. Kisha nikaja nyumbani, na nimelia tangu saa nane. Nina hasira na sijui ni ya nani. Baba mudogo alikuja, akakaa ku kiti, sasa amelala pale na kofia yake.

Nipakie sanduku?

Ketsia wako

*

Gety, tarehe 17 mwezi wa saba 2010

Kwa Ketsia na Tina, binti zangu,

Jambo yenu wawili. Hii barua musome pamoja, na kama Tina haiko hapo, Ketsia, acha kusoma uende kumuita.

Ketsia, lia. Wa pili inauma kuliko wa tatu, na mie pia nilikasirika, nilimupigia Katsuva kelele bure. Sanduku usipakie. Waliokuona ukiandika watakumbuka, na Madame huyo ana masikio. Ukikosa kazi mpaka mavuno, njo uje, tuvune, urudi tena.

Tina, sikujui uso. Ketsia aliniandikia hauna mutu, na Josaphat ameshasema mbele ya biro nzima kama uko wetu, na Josaphat hawezi kurudisha neno, angekufa. Basi imekwisha. Toka mu kile chumba nyuma ya kanisa, hamia Ngezi kwa dada yako. Kitanda ni kimoja, mutasukumana. Mu Noeli munakuja Gety wote wawili, Katsuva atawapakia mbele, na nitakuonyesha kwa watu.

Na ile ya panya uniandikie, hapa zimenimalizia mahindi.

Tantine yenu,
Agathe